Kabla ya Kuulaumu Moshi, Uangalie Mti: Niliyojifunza kwa Kuhesabu Kuvumwani Kutoka Tazara Hadi Pugu

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa msomaji anayeishi jirani na kiwanda, katika mtaa ambao sitautaja. Alianza kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu," kisha akaniuliza swali lililonirudisha miaka minne nyuma. Miembe ya kwao haina tena yale madoa ya kijivu na kijani aliyoyazoea utotoni. Je, akiipiga picha na kuzipeleka picha hizo kwa wahusika, zitatosha kuwa ushahidi kwamba hewa yao imechafuliwa? Marahaba, binti yangu. Nimeona nikujibu hadharani, kwa sababu swali lako ndilo lililowahi kuniaibisha mbele ya watu, na najua kwamba wengi mnaonisoma mna shauku ileile niliyokuwa nayo, ya kutaka miti ya mjini itutolee ushahidi juu ya hewa tunayoivuta.

Madoa hayo ni kuvumwani, na jina limebeba maelezo yake: kuvu na mwani vinaishi pamoja kama kiumbe kimoja, kuvu ikijenga nyumba na kutunza maji, mwani ukipika chakula kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener alipolisema jambo hili mwaka 1867, wataalamu wengi wa zama zake walimpinga vikali. Sisi wa pwani tusidhani kwamba ni habari za wageni, kwa maana marere, zile zinazoning'inia kwenye miti ya ukanda wa bahari, zilisafirishwa kutoka mwambao huu katika karne ya 19 ili zitengenezewe rangi ya zambarau, na karatasi ya litmasi tuliyoichovya kwenye asidi shuleni asili yake ni kuvumwani za jamii hiyohiyo.

Kinachozifanya zifae kupimia hewa ni udhaifu wake. Hazina mizizi, wala hazina utando wa nta kama jani la mwembe, hivyo hunywa mvua, umande na vumbi kwa mwili mzima, pamoja na chochote kilichomo. Salfa dioksidi, gesi kali itokayo kwenye moshi wa makaa ya mawe na mafuta, ikiingia huharibu klorofili ya mwani, yaani ule ukijani unaopikia chakula, na kuvu hubaki bila mpishi. William Nylander, mtaalamu kutoka Finland, aliandika mwaka 1866 kwamba bustani ya Luxembourg mjini Paris ilikuwa na kuvumwani zisizoonekana kwingine katika mji huo. Kufikia mwaka 1896 nazo zilikuwa zimetoweka. Mwaka 1970 watafiti Waingereza, Hawksworth na Rose, walitunga kipimo cha ngazi 0 hadi 10 kwa ajili ya England na Wales, ambacho mtu aliweza kukitumia kukadiria salfa dioksidi ya majira ya baridi kwa kutazama mashina ya miti tu. Nilipoyasoma hayo nililala nikiota ramani ya Dar es Salaam nzima iliyopakwa rangi kwa ngazi hizo.

Basi nikachagua miarobaini 30 kandokando ya Barabara ya Mandela, na miembe 30 mizee kule kwenye vilima vya Pugu. Kwa karibu mwaka mzima, kila Jumamosi nilipanda daladala nikiwa na daftari na lenzi ya mkono, na nilichokiona kilinifurahisha kwa sababu ndicho nilichokuwa nimekitarajia. Mandela magome yalikuwa makavu na matupu. Pugu gome lilikuwa limefunikwa kiasi cha kutolijua rangi yake. Nikaandika ripoti, nikachora grafu, nikaomba nafasi kwenye kikao cha wadau wa mazingira. Nilipomaliza kusoma, mama mmoja mtaalamu wa mimea akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwa nini hukulinganisha mwarobaini na mwarobaini?"

Sikuwa na jibu. Gome la kila aina ya mti lina asidi yake, ukwaruzo wake na namna yake ya kushika maji, na kuvumwani huchagua. Mti mzee umepata miaka mingi ya kupokea wageni kuliko mti mchanga. Pugu kuna mwinuko, kuna kivuli na unyevu, ilhali barabarani jua na joto la lami hukausha shina tangu asubuhi. Moshi ulikuwa sababu moja kati ya nne au tano, na mimi nilikuwa nimeihukumu bila kuzisikiliza nyingine. Mwenyekiti wa kikao alicheka na kusema kwamba nimehesabu miti, sikuhesabu hewa, na ukumbi mzima ukacheka naye. Yule mama peke yake hakucheka. Kicheko kile bado kinaniuma, lakini swali lake ndilo lililonifanya nirudi njiani.

Safari ya pili nilishika mwembe peke yake, na nikafuata Barabara ya Nyerere kutoka Tazara, Vingunguti, Kipawa, Gongo la Mboto hadi Pugu. Nilikubali mti uliosimama wima, usio na jeraha, wenye unene unaokaribiana na mwenzake kwa futi ya fundi cherehani. Fundi wa madirisha alinitengenezea fremu ya waya yenye miraba mitano iliyopangana kama ngazi, kila mmoja sentimita 10 kwa 10, kama mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2014 unavyoelekeza. Unaisimamisha kwenye shina mita moja kutoka ardhini, mara nne: kaskazini, mashariki, kusini na magharibi kwa dira. Unaandika kila aina imeonekana katika miraba mingapi, kisha unajumlisha. Majina ya kitaalamu yatakuja baadaye. Mimi nilianza na majina yangu, kama vile "kijivu cha unga" na "maandishi", ile ambayo chini ya lenzi huonekana kama mtu ameandika herufi za Kiarabu kwa wino mweusi juu ya gome jeupe. Ukitilia shaka kama ni kuvumwani au ni rangi ya gome, dondoshea tone la maji: ile ya kijivu iliyokuwa imekauka hugeuka kijani mbele ya macho yako, kwa sababu kuvu ikilowa huruhusu mwani kuonekana. Na jioni, kurunzi ya miale ya urujuanimno, kama zile wanazokagulia noti, huifanya kuvumwani iitwayo kitaalamu Pyxine cocoes, iliyo kwenye minazi, ing'ae njano, ilhali baadhi ya jirani zake za kijivu haziwaki njano hata kidogo.

Miembe ya mjini ina wenyewe. Gongo la Mboto nilibisha hodi kwenye uwanja mmoja, mama mwenye nyumba akadhani nimetumwa kuukata mti wake. Nilipomweleza, akanitazama nikizungusha fremu, na nilipoduwaa mbele ya upande wa magharibi uliokuwa mtupu kabisa, ilhali pande tatu zilikuwa na kuvumwani tele, akasema, "Baba, hapo ndipo ninapopikia. Kuni, miaka yote." Mafiga yalikuwa hatua mbili kutoka shinani. Ningekuwa nimepima upande huo peke yake, ningeyahukumu magari ya Barabara ya Nyerere kwa kosa la jiko la uani. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu ya majiko, mashimo ya kuchomea taka, mifugo na chokaa. Ndiyo, chokaa pia: miembe yangu mitano ilipakwa chokaa kwa amri ya ofisi moja ya mtaa wiki moja kabla ya ugeni, na ikanilazimu kuifuta kwenye hesabu.

Kwa hiyo, binti yangu, picha zako hazitoshi, na nakusihi usizipeleke bado. Tafuta miembe mingine ya umri huohuo mbali na kiwanda, kwenye ardhi na unyevu unaofanana. Chora pepo zako, kwa maana wakati wa kusi moshi hauendi unakokwenda wakati wa kaskazi. Usidhani kwamba mti uliojaa una hewa safi, kwani ziko kuvumwani zinazostawi kwa naitrojeni ya magari na ya mazizi. Uliza ni aina zipi zimebaki na zipi zimeondoka. Usikwangue gome hadi ukalimaliza, kwa sababu nyingi hukua milimita chache kwa mwaka, na utakachokibandua leo hutakiona tena kwa muda mrefu. Msituni Pugu usiingie bila kibali. Vijana wengi mnataka kuandika hitimisho kabla ya kununua daftari, nami nasema kwa ukali kwa sababu nimelipia kosa hilo kwa mwaka mzima wa Jumamosi: mwenye kiwanda akikuta mwembe mmoja tu uliopimwa vibaya, ataitupa kesi yote ya mtaa wenu, na hata siku mtakapokuwa na haki hamtasikilizwa. Hamna ruhusa ya kuwa wavivu katika jambo linalogusa mapafu ya watoto.

Mwembe wa Gongo la Mboto nitaurudia Novemba hii, kabla vuli haijakolea. Yule mama amenipigia simu kunieleza kwamba mwanawe amemnunulia jiko la gesi, na mafiga ameyaondoa. Nimeweka alama ya msumari mdogo kwenye upande wa magharibi, mita moja kutoka ardhini, ili fremu ikae palepale kila mwaka.