Ukisimamishwa na Askari: Niliyoyaona Miaka ya Kafyu

Mwaka 2020 barakoa nyingi zilikaa kidevuni. Gari la polisi likichomoza, zinapanda puani, likishapita, zinashuka. Wakati huo nilikuwa nauza nguo soko la Kongowea, Mombasa, na kuvuka kwa feri ya Likoni kila jioni, na hali ilikuwa hiyo siku nenda siku rudi. Wengi waliogopa faini ya shilingi 20,000 au miezi sita jela kuliko walivyoogopa korona.

Siwalaumu. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku kuanzia saa moja, watu waliokuwa wakingoja feri Likoni wawahi makwao walirushiwa mabomu ya machozi na kupigwa virungu, na saa moja usiku ilikuwa bado haijafika. Siku chache baadaye, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliomba radhi hadharani, lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Kafyu haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021.

Muda wote huo tulizoea mambo mawili mabaya: kumkimbia askari hata kama huna kosa, au kumpandishia sauti ili watu wajae. Yote mawili yanaweza kukuponza. Anayekimbia huonekana ana la kuficha, na kelele humfanya askari aone haya kurudi nyuma mbele ya watu.

Jioni moja matatu yetu ilisimamishwa, askari akaamuru sote tushuke. Kijana niliyekaa naye alishafungua dirisha aruke. Nikamshika mkono wa shati, nikamwambia, "Tulia, mwanangu." Nikashuka nikasema, "Habari ya jioni, afande. Naomba kujua kosa letu." Akanijibu kwamba kwa ajili ya korona, gari la watu 14 halikuruhusiwa kubeba zaidi ya wanane. Kumbe kosa lilikuwa la dereva! Tukaachiwa tuendelee na safari zetu.

Basi ukisimamishwa, simama, mikono ionekane, salimia, kisha uliza kosa lako kwa sauti ya kawaida. Kuuliza si ujeuri. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Kinakupa pia haki ya kunyamaza, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya kazi. Akikupiga, usirudishe. Shika nambari iliyo kwenye sare yake, saa na mahali, upeleke malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kufuatilia mwenendo wa polisi. Na usitoe kitu kidogo, nakusihi. Kila anayetoa anamfanya anayefuata asimamishwe bure.

Nanyi wenye mamlaka ya mlangoni, walinzi, makondakta, kamati za soko na misikiti, elezeni kwanza. Pale sokoni mama mmoja mtu mzima alisimama kando ya ndoo ya maji akiwaambia wanaoingia, "Nawa, mwanangu, nyumbani nina mgonjwa wa pumu." Watu walinawa mpaka kwenye viwiko. Lango la pili alisimama kijana na kirungu, "Nawa au rudi!" Huko watu walipenya katikati ya vibanda, na maji yakabaki ndooni.

Nyumbani mimi na kijana wangu tunafanya mazoezi sebuleni: mimi ndiye afande, yeye anatoka mpirani usiku. Arudie yale maneno mpaka yatoke bila kutetemeka. Na nambari yangu aijue kwa kichwa, maana simu inaweza kuchukuliwa.