Mpya ya bei chee au iliyotumika? Nusu saa dukani ndiyo inayoamua

Mhariri ameuliza wiki hii: mwanafunzi anayeingia chuo na fedha kidogo, anunue laptopu mpya ya bei chee au iliyotumika? Anunue iliyotumika, tena ile iliyoundwa kwa kazi za ofisini, lakini asitoe hata shilingi kabla ya kuikagua mwenyewe.

Nyingi ya zile mpya za bei ya chini huja na prosesa (ubongo wa mashine) dhaifu kama Celeron N4020 yenye viini viwili tu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, ile ya bei nafuu, ya GB 64. Windows 11 peke yake inameza sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na baada ya muda masasisho yanagoma kuingia. Mara nyingi fundi hana la kuongeza, kwa kuwa kila kitu kimechomelewa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine. HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480 zilitoka 2018, lakini prosesa yake ya Intel i5 ya kizazi cha 8 ina viini vinne, na RAM na SSD (hifadhi ya mafaili) zinabadilishwa kwa bisibisi.

Nasisitiza kizazi cha 8 kwa sababu Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi hicho, isipokuwa chache mno. HP EliteBook 840 G3 na G4, zilizotangulia G5, utawekewa Windows 11 kwa njia ya mkato, kisha masasisho makubwa hayatakuja yenyewe. Stika ya i7 si ushahidi, hubandikwa tu. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, usome jina la prosesa: i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6.

Betri ndiyo inayowaliza wengi. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili inayotajwa pale. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake sasa). Ya 840 G5 ilitoka kiwandani na takriban mWh 50,000. Ukikuta 20,000, imebaki asilimia 40. Ikiwa chini ya asilimia 60, dai betri nyingine au upunguziwe bei. Usiishie kwenye ripoti, maana betri bandia huweza kujiandika nzima. Chomoa chaja, ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, cheza video dakika 20. Ikishuka zaidi ya asilimia 15, haitafikisha saa mbili na nusu. T480 huwa na betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, soma zote. Tachipadi ikiwa imeinuka, au laptopu inayumba mezani, huenda betri imevimba. Hiyo iache hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Halafu kuna kufuli. Iwashe upya ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo, uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nywila kabla ya kukuruhusu kubadilisha chochote, ondoka. Kwenye ThinkPad nywila hiyo hukaa ndani ya chipu, hivyo kuchomoa kile kibetri kidogo cha kwenye mazabodi hakusaidii. Kufuli la pili halionekani: mashine nyingi zilikuwa za makampuni ya nje, na namba yake inaweza kuwa bado imesajiliwa huko. Muuzaji akiweka Windows bila intaneti, kila kitu kinaonekana shwari. Siku utakapofuta kila kitu na kuweka Windows upya ukiwa na intaneti, kioo kinaandika jina la kampuni na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Kwa hiyo mwombe aweke Windows upya, na hatua za kuiwasha mara ya kwanza uzifanye wewe, kwa intaneti ya simu yako.

Chaja ya Dell isiyo halisi huleta onyo kwamba haitambuliki. Mashine inafanya kazi polepole na betri huenda isichaji. Plagi ikiwa ya Ulaya au Marekani, usinunue chaja nzima. Kama imeandikwa INPUT 100-240V, nunua waya wa pini tatu tu.

Wasanifu majengo wanaochora picha za 3D niliyoyaeleza hayawatoshi. Wao wanahitaji kadi ya picha ya peke yake. Wanaotengeneza programu za simu kwa Android Studio walenge RAM ya GB 16. Wengine waanze na GB 8, lakini iwe kipande kimoja: kwenye Performance, ingia Memory, utafute Slots used. Ikisoma 1 of 2, kuna nafasi ya kuongeza kipande kingine bumu likitoka.