Unataka Bedford ya jeshi? Kabla ya kutoa hela kalale chini yake kwanza

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Uko Coventry, leseni yako ni ya gari dogo na umeipata 2009, umetenga pauni 6,000, unataka lori la zamani la jeshi la Uingereza aina ya Bedford, na umeshaona MK moja inauzwa mwenyewe anasema injini imeshushwa na kufungwa upya yote. Unauliza uichukue au uiache. Nitakujibu kwa urefu maana njia hiyo nimeipita, nina RL ya 1958 (Bedford ya jeshi iliyotangulia MK), huu mwaka wa tisa naimiliki na ile minne ya mwanzo haikutembea hata mita moja kwa nguvu zake yenyewe.

Tuanze na leseni maana hapo tu mambo mengi yanajiamua. MK uzito wake wa juu kabisa unaoruhusiwa unazidi tani 7.5, hiyo inataka daraja C, yaani leseni ya malori makubwa, na wewe uliyefaulu baada ya tarehe 1 Januari 1997 hata ile C1 ya tani 7.5 hukupewa bure kama walivyopewa wa zamani. Kwa hiyo MK ukiinunua leo utaiangalia tu hapo uwanjani mpaka ukasomee leseni. Lakini kuna msamaha watu wengi hawaujui, lori la mizigo lililotengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1960 unaruhusiwa kuliendesha kwa leseni ya gari dogo mradi liko tupu na halivuti trela lenye mzigo. Masharti yake yasome mwenyewe kwenye tovuti ya serikali kabla hujagusa usukani. RL zilianza kutengenezwa 1953 zikaenda mpaka mwishoni mwa miaka ya 60, ndo maana zile za miaka ya 50 zinatafutwa sana. Na zingatia, kinachohesabika ni mwaka wa kutengenezwa, siyo mwaka lilioandikishwa uraiani, maana haya magari jeshi lilikaa nayo miaka mingi ndo likayauza. Makumbusho ya Royal Logistic Corps (kikosi cha ugavi cha jeshi la Uingereza) pale Worthy Down karibu na Winchester wanatunza rekodi za magari ya jeshi, ukiwa na namba ya zamani ya kijeshi unaweza kuwaandikia. Mimi namba yangu niliipata kwa kukwangua rangi ya bampa ya mbele taratibu na msasa wa maji, tabaka moja baada ya jingine, mpaka tarakimu zikajitokeza nyeupe chini ya kijani, siku hiyo nilikaa chini kwenye sakafu ya banda nikaziangalia tu muda mrefu.

Niseme kidogo kwa nini Bedford. Mzee wangu alikuwa dereva wa mkonge Korogwe, alikuwa na Bedford TJ ile yenye boneti mbele, kwa hiyo mlio wa ile silinda sita nimeukuta nyumbani. Nilipofika huku nikaja kujua kwamba hizi gari zilikuwa zinatoka Dunstable na Luton, kampuni ya Vauxhall, na tangazo lao lilikuwa linasema unaziona kila mahali, na kweli mzee wangu kaiona Korogwe. RL ni ndugu wa lori la kiraia la S, lile walilokuwa wanaliita Bedford Kubwa, wakalipa ekseli ya mbele inayovuta na matairi makubwa ya inchi 20, moja moja nyuma siyo pacha, injini ya petroli lita 4.9 imekaa katikati ya dereva na abiria kwenye kebini. Yale magari ya zimamoto ya kijani yaliyotumiwa na wanajeshi kwenye mgomo wa wazima moto wa 1977 na tena 2002 mengi yake ni RL hizi hizi zimevalishwa bodi nyingine, na hilo kwako ni zuri maana vipuri vingi vinaingiliana.

Sasa MK yako, na hapa ndo kiini cha ninachotaka kukwambia. Neno "injini imefanywa yote" lisikusogeze hata hatua moja. Injini ya Bedford haijawahi kuua mradi wa mtu, ni injini ya lori, pistoni, bushi, gasketi, vavu, vyote unapata au unachongesha, na fundi yeyote aliyefungua injini za zamani ataifungua. Kinachoua mradi ni mabati ya kebini, mpira wa breki na vitu vilivyopungua. Mimi nilinunua RL yangu kwenye zizi la ng'ombe huko Lincolnshire, ilikuwa imepigwa rangi mpya inang'aa, injini ikawashwa mbele yangu ikaunguruma vizuri, nikatoa hela. Nilipoanza kuchubua rangi kona za chini za kebini nikakuta puti (lile dongo la kuzibia bati) nene kama kidole na ndani yake hakuna bati, ni kutu tupu na wavu wa waya. Hatua za kupandia zote zimeoza, matao ya matairi yameoza, chini ya milango kumeoza. Nilikaa majira mawili ya baridi nikikata na kuchomelea, vipande nilikuwa nakunja mwenyewe kwa mkono maana kebini mpya za RL hazipo dukani.

Kwa hiyo ukienda kuangalia gari beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, ipitishe kona zote za chini za kebini, chini ya milango, kwenye hatua, kuzunguka kioo cha mbele, sehemu isipong'ang'ania jua kuna puti. Halafu vaa ovaroli ulale chini. Chasisi yenyewe ni chuma kizito mara nyingi iko salama, ila angalia pale chuma kimelala juu ya chuma kingine, kutu inapoingia katikati inavimba inatanua mpaka ribiti zinakatika. Chumvi wanayomwaga barabarani huku wakati wa baridi ndo adui, gari lililokuwa linatembezwa kila msimu linaweza kuwa bovu kuliko lile lililolala bandani.

Breki nikueleze vizuri maana nusura nipate msiba. Nilifunga sili mpya (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) za masta silinda, ile silinda kuu ya breki, ziko kwenye karatasi ya nta na muhuri wa jeshi, hazijawahi kufunguliwa, nikafurahi kwamba nimepata kipuri halisi. Nilikuwa nateremka barabara nyembamba ya kijijini, nikakanyaga pedali ikashuka mpaka chini, hakuna kitu. Nilikuwa gia ya pili, nikashusha ya kwanza, nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, nikapanda tuta la majani pembeni ikasimama. Lori tupu lina zaidi ya tani 4. Mpira wa miaka 60 hata kama haujawahi kuvaliwa umeshakufa, unaonekana mzima lakini ukiukunja unachanika. Toka siku hiyo chuma cha zamani nanunua, mpira wa zamani sinunui kwa bei yoyote, silinda zote nilipeleka kwa watu wanaoweka bomba jembamba jipya la chuma cha pua ndani, sili zikatengenezwa upya kwa vipimo. Paipu za breki zote mpya. Usitembeze gari kabla ya hili, hata kuzunguka shambani.

Rimu nazo. Nyingi za malori ya wakati ule ni za vipande, kuna ringi ya chuma inafunga tairi lisitoke, ile ringi isipokaa sawa ukijaza upepo inaruka kama bomu, imeua mafundi kwetu na imeua mafundi huku. Peleka kwa watu wa matairi ya malori wenye kizimba cha chuma, usijaze upepo uwanjani kwako na kompresa. Na tairi usidanganyike na kashata nzito, soma tarehe ubavuni. Sheria ya Februari 2021 ilikataza tairi za zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori, magari ya kihistoria yasiyofanya biashara yakasamehewa, ila mimi sikutaka huo msamaha, nilinunua tano mpya na zilinigharimu karibu nusu ya bei niliyonunulia gari lenyewe. Hiyo ihesabu kwenye hizo pauni 6,000.

Vitu vilivyopungua ndo mtego mwingine. Hakikisha ipo fremu ya turubai, vishikio vya pembeni vya bodi, taa ile ndogo ya nyuma inayomulika difu iliyopakwa nyeupe (hiyo ilikuwa ya msafara wa usiku, taa kubwa zote zimezimwa dereva wa nyuma anafuata ule weupe tu), vifuniko, mabano, saa za dashibodi. Kila kimoja ni kidogo lakini kutafuta kimoja kimoja kunakula miaka. Ukitafuta vipuri tafuta kwa namba siyo kwa jina, vingi vina namba ya NATO ya tarakimu 13, nne za kwanza ni kundi la kipuri halafu inafuata 99 ambayo ndo Uingereza. Muuzaji anaweza kuandika jina lolote lakini namba haidanganyi.

Petroli ya kawaida huku toka Septemba 2021 ni E10, ina ethanoli nyingi, inakula paipu za mpira na inavuta maji kwenye tenki la chuma. Mimi naweka E5, yenye ethanoli kidogo, na nimebadilisha paipu zote. Inakunywa, galoni moja inanipeleka maili 7 hivi, na naitembeza maili 35 mpaka 40 kwa saa. Ukiwa kwenye lami usiache ekseli ya mbele imeunganishwa, hakuna difu ya katikati, shafti zinajikaza mpaka kitu kinavunjika, hiyo ni ya matope tu.

Rangi ya RL ya miaka ya 50 ni ile kijani iliyokolea inayong'aa, namba 224 ya viwango vya Uingereza. Kijani cha NATO namba 285 ni cha baadaye, kinafaa MK. Naona watu wengi wanapaka RL ya 1957 rangi ya 285 na madoa meusi, inaniuma, gari lina historia yake lipewe.

Kodi ya barabara gari likizidi miaka 40 ni sifuri ila lazima uliandikishe kama la kihistoria, na ukaguzi wa mwaka linasamehewa kama halifanyi biashara na halijabadilishwa kimsingi. Mimi bado namlipa fundi alikague kila Aprili. Kama halijawahi kuwa na namba za kiraia utajaza fomu ya kuliandikisha, V55/5. Pa kuliweka tafuta kabla ya kununua, lina urefu wa mita 6 na zaidi, mtaani kwako halikai, mimi nakodi banda la mkulima pauni 60 kwa mwezi. Na jiunge na Military Vehicle Trust, chama cha wenye magari ya kijeshi, wapo toka 1968, bima nafuu na wazee wanaojua kila boliti, wamenisaidia kuliko video zote.

Ukisema utasomea daraja C basi MK ni gari zuri sana, injini ya lita 5.4 imekaa nyuma ya viti unaifikia kwa vifuniko vya pembeni, inakula dizeli, vipuri bado vingi, na Bedford kama hizo zikishatoka jeshini nyingine zilibeba watalii toka London mpaka Nairobi, kwa hiyo barabara za kwetu zinazijua. Lakini kwa leseni uliyonayo na hela uliyonayo, hiyo iache. Tafuta RL ya kabla ya 1960, injini hata kama imekwama usiogope, kebini iwe nzima na vitu viwe kamili. Ukiipata piga picha kona nne za chini za kebini, sahani ya chasisi, masta silinda na tarehe za tairi, ziweke hapa nitazipitia. Jumamosi ya wiki ijayo nafungua wili silinda (silinda za breki kwenye magurudumu) za nyuma, ukitaka kuja kulala chini ya moja kabla hujanunua ya kwako nitumie ujumbe.