Usizibe matundu ya hewa chini ya sakafu ya mbao, nakuomba

Mkuu, mwambie fundi asimame kwanza. Umeandika kwamba chumba chenu cha mbao pale Ihumwa, Dodoma, kimeinuliwa juu ya nguzo za tofali, kipupwe hiki baridi inawapanda miguuni, kwa hiyo Jumamosi mnaziba matundu yote ya hewa na kujaza stairofomu kule chini. Halafu umeuliza vanishi ipi inafaa kwa juu. Mimi nilifanya hivyohivyo Msalato, na sakafu nzima nimeing'oa.

Fundi wangu alijua kuongea. Alisema baridi inaingia kwa yale matundu, ukiyaziba umemaliza kazi. Akapigilia nailoni chini ya boriti, akashindilia stairofomu, akaziba kila tundu kwa saruji. Julai ile kweli tulilala vizuri, nikamwongezea na hela ya soda.

Desemba mvua zikaanza. Kiwanja chetu kina mteremko, maji yanapita kando ya msingi na udongo wa chini unalowa. Miaka yote unyevu ule ulikuwa unaondoka na upepo. Safari hii haukuwa na pa kutokea, ukapanda na kunaswa kati ya nailoni na mbao. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, kuvu wanaanza kuiozesha. Na mchwa wa huku unawajua. Stairofomu si chakula chao, lakini wanaitoboa kama udongo na kupita humohumo bila kuonekana. Zamani nilikuwa nachungulia na tochi, nikiona njia zao za udongo kwenye nguzo nazibomoa na kupiga dawa. Baada ya kuziba sikuona chochote, mpaka usiku mmoja wa mwezi wa tatu mguu wa kitanda ukazama kwenye sakafu. Mama watoto akasema kitanda kimeamua kwenda kulala na mchwa. Tulicheka, ila nilipofunua ubao wa kwanza kicheko kiliisha. Kati ya boriti kumi na moja za inchi 2 kwa 6, saba nilizivunja kwa mkono. Imenigharimu milioni mbili na laki nne, bila kuhesabu wiki tatu watoto walizolala sebuleni.

Nilipompigia fundi, akaniuliza kama tunapiga deki kwa maji mengi. Deki! Hasira ile haijaniisha. Mtu anauza kazi asiyoijua, nyumba ikiharibika anamtafutia kosa mama anayesafisha.

Shika hili moja tu: upepo lazima upite chini ya mbao. Uingereza, ambako sakafu za namna hii ni za kawaida na baridi yao si ya mchezo, kanuni za ujenzi zinataka matundu ya angalau milimita za mraba 1,500 kwa kila mita ya ukuta wa nje, na kati ya zege linalofunika ardhi na sehemu ya chini ya sakafu ya mbao ibaki nafasi isiyopungua milimita 150. Wenye baridi kuliko sisi hawazibi, wewe wa Dodoma unaziba nini?

Cha kuzuia baridi kinakaa katikati ya boriti, kikigusa ubao wa juu. Tumia sufi ya mawe (rockwool, nyuzi laini zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa), uishikilie kwa chini na kitambaa kinachopitisha mvuke na wavu wa kuku, si nailoni. Nyufa za kati ya mbao na pembeni mwa ukuta zizibe kutoka juu, maana upepo unaoukanyaga unatokea hapo. Juu ya kila nguzo weka kipande cha bati kilichokunjwa kingo kuelekea chini, mchwa wakitaka kupanda walazimike kupita nje uwaone.

Leo jioni chukua tochi uingie chini. Hesabu matundu, usukume bisibisi kwenye kila boriti. Ikizama popote, hiyo boriti ibadilishwe kabla hujanunua hata kipande kimoja cha sufi. Na kama fundi ameshapiga saruji kwenye tundu lolote, libomoe leo leo.