Msiipigie Upatu Kila Ngumi

Wadogo zangu mnaoanza kutunga muziki wa filamu, nimemaliza kusikiliza kazi mlizoleta za onyesho la kung fu la kuchekesha, na ingawa nawapenda, subira yangu imefika ukingoni. Karibu wote mmefanya jambo lilelile: ngumi ikitua, tarumbeta inalia, mtu akiteleza, filimbi inateleza naye, akianguka, matuazi yanamwangukia. Kabla hamjafungua tena kompyuta zenu, someni haya.

1. Achaneni na Uchina wa kwenye kinanda. Kile kipande cha noti tisa mnachokiweka kila anapotokea mtu mwenye macho membamba kilianzia kwenye majukwaa ya Marekani katika karne ya 19, na Wachina hawahusiki nacho. Midundo ya filamu hizi ilitoka kwenye opera ya Peking, yaani maigizo ya jadi ya Kichina ya kuimba na kuruka, kwa kuwa waigizaji wenyewe walitoka huko. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa katika shule moja ya opera mjini Hong Kong chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, na hata Yuen Wah na Yuen Qiu, yaani wale mume na mke wenye nyumba katika filamu ya Kung Fu Hustle ya mwaka 2004, walipitia mikononi mwa mwalimu huyohuyo. Miili ya watu hao ilifundishwa kwenda na ngoma ndogo ya kiongozi wa wapigaji, kwa hiyo wanaporuka tayari wana mdundo ndani yao, nanyi hamna haja ya kuwabandikia mwingine. Sikilizeni pia patu zao: mlio wa upatu mkubwa hushuka baada ya kupigwa, na wa upatu mdogo hupanda. Ule upatu mzito wa okestra ya Ulaya, unaovuma nusu dakika, hauwezi kufanya kazi hiyo hata mkiukata kwa mkasi.

2. Upatu ni wa mkao, si wa pigo. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Nilipewa filamu fupi ambamo mpishi wa mgahawa anapambana na wadai watatu kwa upawa. Nilihesabu fremu, yaani zile picha mojamoja za filamu, moja baada ya nyingine mpaka macho yakawasha, na kila upawa ulipogusa kichwa niliweka ngoma, tarumbeta na matuazi kwa pamoja. Mdai mnene alipokanyaga mafuta yaliyomwagika, nilimtungia mlio wa tromboni unaoporomoka, nikajiona fundi asiye na mfano. Tulipoingia kwenye chumba cha kuchanganyia sauti, ikaonekana kwamba mtengenezaji wa vishindo naye alikuwa ameweka vyake palepale, na kishindo chake cha upawa, alichokirekodi kwa sufuria halisi, kilikuwa kinachekesha kuliko okestra yangu yote, ila hakuna aliyeweza kukisikia. Isitoshe, mhariri alikuwa amepunguza fremu chache katikati ya pambano baada ya mimi kupokea nakala yangu. Kuanzia hapo kila ala ilichelewa: mdai alishafika sakafuni, tromboni ndiyo kwanza inaanza kuporomoka. Nilimlaumu mhariri mbele ya watu, kwa sauti ambayo hadi leo inanitia haya, mpaka mwongozaji aliponikatiza. Alisema kwamba tatizo halikuwa fremu zile, kwani hata pale muziki ulipokuwa sawasawa na picha hakuna aliyecheka. Kwa muziki wangu nilikuwa nimeshamcheka mdai mimi mwenyewe, watazamaji wakabaki hawana la kufanya.

Kisha akanirudisha kwenye picha bila sauti, nikaona nisichokuwa nimekiona. Baada ya kila pigo mpishi alikuwa anaganda kidogo, upawa ukiwa juu, na mdai anawageukia wenzake kama anayeomba ushauri. Mwigizaji wa opera ya Peking hufanya vivyo hivyo: hufunga mfululizo wa miondoko kwa mkao wa kusimama kabisa, na wapigaji huutia muhuri mkao huo kwa upatu na matuazi. Mimi kituo hicho nilikuwa nimekijaza violini zinazokimbilia pigo linalofuata. Nilifuta karibu kila kitu, nikabakiza ngoma ndogo ikitembea chini, na upatu mmoja mpishi anapoganda. Sufuria ikasikika, na watu wakacheka.

3. Muziki usijue kwamba filamu ni kichekesho. Katika Kung Fu Hustle, mpagazi, mkaanga maandazi na fundi cherehani mwenye pete za chuma mikononi wanapojitokeza kuwa mabingwa, muziki uliosimamiwa na Raymond Wong unawapa ala za Kichina kwa heshima ya majemadari, bila kukonyeza jicho. Kichekesho kinabaki kwenye nguo zao na mtaa wao. Halafu mama mwenye nyumba anapomfukuza Sing, mhusika mkuu, miguu ikizunguka kama ya katuni, mnasikia Zigeunerweisen, muziki wa violini aliouandika Mhispania Pablo de Sarasate mwaka 1878, kabla ya kuwako sinema yoyote ya kufuatisha. Haifuatishi hatua hata moja kwa makusudi; inakimbia kwa mwendo wake, na picha inakimbia nayo. Na kama mnaona fahari ya violini zenu nyingi, kumbukeni kwamba filamu ya namna hii ikifika mikononi mwa DJ Afro, msimulizi wa filamu kule Kenya, simulizi lake litazifunika zote.

4. Filamu ikiwa ya fremu 25 kwa sekunde, tempo ya mapigo 125 kwa dakika inawapa fremu 12 kamili kwa kila pigo la kliki, ule mlio unaowaongoza wapigaji wakati wa kurekodi, na ikiwa ya 24, tumieni 120.

5. Muulizeni mhariri asubuhi ya siku ya kurekodi kama kuna alichokata.

6. Muziki unaopigwa na wahusika wenyewe utungwe kabla ya kupiga picha. Wale wauaji wawili wa Kung Fu Hustle hukaa na zeze refu la Kichina magotini, na kila uzi unaotikiswa unatoa panga lisiloonekana, linalomkata paka vipande viwili gizani. Huko muziki ndio silaha, hauwezi kuletwa baadaye kama pazia. Mkipewa onyesho la jinsi hiyo, rekodini kwanza, kisha kaeni na mwigizaji mpaka vidole vyake vijue noti zinakoelekea, kwa sababu mpiga gitaa wa harusini atakiona kidole kilichokosea kabla hajaliona panga.