Mkono, ulimi na simu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Je, anayenyamaza mbele ya chuki ya rangi ana hatia sawa na anayeitenda?" Jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma. Ndiyo, sawa kabisa. Nilikaa kuandika nikidhani mistari mitano itatosha. Lakini kila nikitafuta mfano wa mtu aliyenyamaza, fikra zinanipeleka kwenye kona moja ya mji wa Minneapolis, Marekani, jioni ya tarehe 25 Mei 2020, na pale watu hawakunyamaza.

Namna George Floyd, Mmarekani mweusi, alivyokufa chini ya goti la polisi mnaijua, sina haja ya kuisimulia. Mimi nawafikiria waliosimama ukingoni mwa barabara. Tuliwasikia sauti tu kwenye ile video, na majina yao wengi wetu tuliyajua mwaka uliofuata, walipopanda kizimbani kutoa ushahidi.

Alikuwepo Charles McMillian, mzee wa miaka 61, aliyekuwa akimsihi Floyd asishindane na maafisa, aingie tu garini. Alikuwepo Donald Williams, mpiganaji wa ulingoni anayeijua kabali, aliyemwambia Derek Chauvin, afisa aliyemwekea Floyd goti, waziwazi kwamba anamnyima mtu pumzi, na baadaye akapiga simu ya dharura kuwashitaki polisi kwa polisi wenzao. Alikuwepo Genevieve Hansen, mzimamoto aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo. Alijitambulisha, akaomba apime mapigo ya moyo, au basi wampime wao wenyewe. Akaamriwa arudi kando. Na alikuwepo Darnella Frazier, binti wa miaka 17 aliyekuwa anakwenda dukani na binamu yake wa miaka 9. Alimwingiza mtoto dukani ili asione, kisha yeye akarudi nje na kuwasha kamera ya simu.

Dakika 9 na sekunde 29 goti liko pale. Muda wote huo watu wanasihi, wanakemea, wanataja hata sayansi ya jambo lenyewe, na afisa Tou Thao amesimama mbele yao kuhakikisha hakuna anayesogea.

Tangu utotoni nimefundishwa kwamba Mtume alituwekea ngazi tatu: ukiona uovu uuondoe kwa mkono wako, usipoweza, kwa ulimi wako, usipoweza, uuchukie moyoni, na hiyo ndiyo imani dhaifu kuliko zote. Watu wa kona ile walifika ngazi ya ulimi na wakakaa hapo, kwa sababu juu yake kulikuwa na bunduki. Nani angewadai zaidi? Raia wa kawaida, tena wengi wao weusi, amrukie polisi ili pale pawe na maiti mbili?

Ajabu ni kwamba wao ndio walioibeba hatia. Frazier aliieleza mahakama kwamba kuna usiku alikesha akimwomba Floyd msamaha kwa kutofanya zaidi. McMillian alilia kizimbani. Christopher Martin, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiuza dukani na kupokea kwa Floyd ile noti ya dola 20 iliyoshukiwa kuwa bandia, iliyofanya polisi waitwe, alijilaumu kwamba angeikataa tu noti ile, yote yasingetokea. Huyu kosa lake ni lipi hasa? Hana kosa. Lakini dhamiri yake ilimshitaki kabla ya mtu yeyote, na inaniuma kila nikikumbuka kwamba aliyekuwa na uwezo mdogo kabisa ndiye aliyejiuliza kwa ukali kabisa.

Waliokuwa na mkono walikuwa wengine. Kanuni ya polisi wa Minneapolis inayomtaka afisa kumzuia mwenzake anayetumia nguvu kupita kiasi ilikuwapo tangu 2016. Afisa Alexander Kueng, ambaye naye ni mweusi, alikuwa amembana Floyd mgongoni. Thomas Lane, mwenzao aliyeshika miguu, aliuliza mara mbili kama wamgeuze alale ubavu. Chauvin akakataa, na Lane akaendelea kushika miguu. Najua utetezi wao: Lane alikuwa na siku nne tu kazini, Kueng naye mgeni vilevile, na Chauvin alikuwa na miaka 19 ya kazi, tena ndiye aliyekuwa akimfundisha Kueng. Najua pia kwamba Lane alipanda kwenye gari la wagonjwa na kumkandamiza Floyd kifua akijaribu kumrudisha. Hilo silidharau. Lakini swali lake la mara mbili silipimi kwa mizani ile ile ya Williams. Williams alitumia ulimi kwa sababu mkono alinyimwa. Lane alikuwa na mkono, na mkono wenyewe ulikuwa kazini, unashika miguu. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ilimpa miaka miwili na nusu, Kueng mitatu, Thao mitatu na nusu. Chauvin, kwa mauaji, alishahukumiwa na jimbo miaka 22 na nusu. Sheria, basi, haikuwapa hatia sawa.

Hapo nilikuwa nimeshaanza kulegea. Nilitaka kuandika kwamba aliyekosa nguvu hana hatia, na hata simu ya Frazier ilikuwa tendo kamili. Naliamini hili la pili. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia mtu aliyefariki baada ya tatizo la kiafya. Bila ile video, huenda tungebaki nayo. Mwaka 2021 bodi ya tuzo za Pulitzer ilimpa binti huyo heshima maalumu, na aliistahili.

Lakini kuna Civitanova Marche, Italia, tarehe 29 Julai 2022. Alika Ogorchukwu, Mnigeria wa miaka 39, mchuuzi aliyetembelea mkongojo, alipigwa kwa mkongojo wake mwenyewe na kuangushwa barabarani, mchana kweupe, katikati ya mji, na mtu mmoja asiye na bunduki wala sare. Akafa palepale. Watu walirekodi. Sauti zilisikika zikimkataza muuaji, ila hakuna aliyemshika. Simu ni ile ile, ulimi ni ule ule, na mimi hapa nahukumu kinyume kabisa. Muuaji alikuwa mmoja, wao walikuwa kadhaa, na mkono hawakunyimwa na mtu.

Wapelelezi wa Italia walisema chuki ya rangi haikuwa chanzo. Na Chauvin naye hakushitakiwa kwa kosa la chuki. Ndiyo maana swali lenu linanipa taabu, kwa kuwa linadhani chuki huja imejitambulisha. Aliyesimama pale haoni nia, anaona shingo ya mtu na goti juu yake. Akisubiri kwanza athibitishe kwamba huu ni ubaguzi, mtu ameshakufa, na uchunguzi wa nia ni kazi ya mahakama. Lililo juu yetu ni kujiuliza kama tungesimama vilevile iwapo aliyelala chini angekuwa na sura kama zetu. Kwa Civitanova siwezi kujibu kwa niaba yao. Nina shaka, basi.

Kwa hiyo, Mhariri, naifuta ile "ndiyo" yangu ya mwanzo. Hatia si sawa. Inakwenda na mkono ulionao. Aliyevaa sare moja na mtendaji, anayekula naye, anayesikilizwa naye, namhesabu karibu kabisa na mtendaji, hata kama majaji wamempunguzia. Mpita njia aliyepaza sauti mbele ya bunduki simdai kitu. Wale wa Civitanova nawadai, ingawa sijui nani kati yao alikuwa mgonjwa, au mzee, au ameshika mtoto mkononi, na huyo namwondoa kwenye hesabu. Waliobaki walikuwa wakitosha kumshika mtu mmoja.