Kabla ya Kubishania Wimbo, Uliza Umesikilizwa kwa Kifaa Gani

Marafiki wanaopenda muziki wa wasanii wa kujitegemea, filamu mpya na vifaa vya kielektroniki wana mazoea ya kuyatenga mazungumzo hayo matatu: leo wanajadili albamu, kesho filamu, na habari za simu huzuka pale tu mmoja wao anapotaka kununua. Kwa uzoefu wangu wa kukaa kwenye vijiwe vya namna hiyo hapa Dar es Salaam, ningeshauri yasitenganishwe, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi tunaoudhania kuwa wa ladha ni ubishi wa vifaa. Mmoja anasema wimbo umepooza, mwingine anaapa kwamba mwaka mzima hajasikia kitu kikali kama hicho, na wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa hawakusikia kitu kimoja.

Chukua singeli, muziki uliokulia katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na tangu hapo midundo ya Mburahati imekuwa ikijadiliwa na wasikilizaji wa Ulaya ambao hawajawahi kukanyaga kigodoro hata kimoja, yaani zile sherehe za mtaani za usiku kucha. Mapigo ya muziki huo hupita 200 kwa dakika. Ukiusikiliza kwa spika ndogo ya simu, besi yote hupotea, kwa kuwa spika ya ukubwa ule haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha, na kinachobaki ni kinanda chenye ncha kali na sauti ya mtu anayekimbizana na pumzi zake. Hapo ndipo mtu anaposema, “Hizi ni kelele tu.” Ukiupiga wimbo uleule kwenye sabufa, unagundua kwamba chini ya kasi ile kuna mdundo mzito unaotembea kwa utulivu, na kwamba mchezaji huufuata huo, wala hahangaiki na vile vidoko vya juu. Katika kundi letu ubishi kuhusu albamu moja ya aina hiyo ulidumu kwa wiki kadhaa, mpaka mmoja alipouliza kila mtu alikuwa anaisikilizia wapi. Tulikutana nyumbani kwa mwenye sabufa, tukaisikiliza pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila mtu kusema neno. Wawili hawakubadilisha msimamo, lakini angalau sasa walikuwa wanaikataa albamu yenyewe.

Njia ambayo wimbo unamfikia rafiki nayo ina uzito wake. Wimbo uliochomolewa kwenye video ya status, au uliorekodiwa kwa kuisogeza simu karibu na spika, umeshabanwa na kupoteza mengi kabla haujafika kwa mtu wa tatu. Hesabu yake ni rahisi: faili ya MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde huchukua takriban MB 2.4 kwa kila dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne unakaribia MB 10, na ukiona umekufikia ukiwa na MB 2, usiutolee hukumu. Mpelekee mwenzako kiungo cha mahali ambapo msanii mwenyewe ameuweka. Wasanii wengi wa kujitegemea wanauza kazi zao kupitia Bandcamp, ambako mnunuzi anaweza kupakua faili ya FLAC isiyopunguzwa ubora, na mtandao huo hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. (Mimi huwa nasikia uchungu kidogo mtu anayetumia bando la kutosha kila siku anaposema hana hela ya kununua wimbo mmoja, lakini hilo lina mjadala wake.)

Tunapolinganisha hedifoni, kosa ninaloliona mara nyingi ni kuzijaribu bila kusawazisha sauti. Sikio la binadamu huamini kwamba kinachosikika kwa nguvu zaidi ndicho bora, hata kama tofauti ni ndogo, kwa hiyo kifaa chenye kelele hushinda shindano ambalo halikuwa la haki. Punguza kile kikali mpaka vilingane, ndipo uulize maswali. Vilevile, usimshauri mwenzako kununua hedifoni kwa sababu boksi limeandikwa LDAC, yaani mfumo wa kupitisha sauti kwa Bluetooth, kabla hujajua anatumia simu gani. Mfumo huo wa Sony hupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde, lakini hufanya kazi pale tu simu na hedifoni zote zinapoukubali, na iPhone haiukubali.

Kuhusu filamu nitasema jambo moja ambalo limetuokoa na ubishi mwingi. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini runinga nyingi za kisasa zinatoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa kulainisha mwendo, ambao hutunga picha za ziada katikati. Matokeo yake ni kwamba filamu iliyopigwa kwa gharama na ustadi inafanana na tamthilia ya mchana, na watazamaji wanamlaumu mwongozaji kwa uigizaji wa bandia. Ingia kwenye mipangilio ya picha uuzime. Jina lake hutofautiana kwa kila kampuni, lakini mara nyingi lina neno la Kiingereza lenye maana ya mwendo.

Vifaa vikishaondolewa lawamani, ubishi unaobaki ndio wenye faida, nao usikatishwe mapema. Tulipoizungumza filamu ya Vuta N’Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021 na iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, hakuna aliyetaja runinga. Waliosoma riwaya walidai kwamba mapenzi ya Yasmin na Denge yamepewa nafasi kubwa kuliko safari ndefu ya Yasmin mwenyewe, na wasioisoma waliuliza kwa nini filamu ilazimike kubeba kila ukurasa. Mimi niko upande wa hawa wa pili, ingawa riwaya naipenda zaidi, na mwenzangu mmoja ameniahidi kwamba atairudia riwaya nzima ili aje na hoja mpya.